Kisogo Ambacho Sikukiona

Fomu ya kumpokea mgonjwa ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Kichwa na shingo", na mbele yake kijinafasi cha upana wa vidole vinne hivi. Miaka yangu miwili ya mwanzo kazini nilikijaza kwa neno moja tu: kawaida. Aliyekuja kwa miguu yake, kawaida. Aliyeletwa kwa machela, kawaida. Niliandika nikiwa nimesimama upande wa miguuni, faili kiganjani, namtupia mgonjwa jicho kama unavyomtazama mtu mnayepishana njiani. Macho mawili yapo, pua iko mahali pake, anaongea. Basi, kawaida, twende kifuani.

Mpaka akaja mzee mmoja mwenye kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelegea, na maneno yalikuwa hayatoki, yanaishia kooni kama mkoromo. Tulimgeuza kila baada ya saa 2, tulimkagua mgongo, makalio na visigino, na kwenye kukabidhiana zamu tulikuwa tunajisifu kwamba mzee anatimiza siku ya tisa hana hata mchubuko. Siku hiyo hiyo ya tisa nilikuwa nabadilisha foronya, nikakuta doa la rangi ya kutu, kubwa kama kizibo cha chupa. Nikalitazama doa. Nikamtazama mzee. Nikaingiza mkono chini ya kisogo chake, vidole vikarudi na unyevu.

Nywele zilikuwa zimegandamana. Chini yake palikuwa na kidonda chenye ukingo mwekundu na katikati peusi. Sisi tulikuwa tunamlaza ubavu nusu, mto nyuma ya mgongo, kwa hiyo mwili ulikuwa unageuka lakini kichwa kinabaki pale pale, uzito wote umekalia sehemu moja. Kilichonikata maini zaidi ni maandishi ya siku tatu zilizotangulia: "Mgonjwa anahangaika, anageuza kichwa huku na huku." Mzee wa watu alikuwa anatueleza kwa lugha pekee iliyombakia, sisi tukaandika kwamba anahangaika.

Binti yake aliniuliza, "Sista, hiki kimeanza lini?"

Nikafungua faili kana kwamba jibu limo mle. Kichwa na shingo: kawaida. Kichwa na shingo: kawaida. Mwandiko wangu ulikuwemo mara tano. Nikamwambia, "Dada yangu, sijui. Hatukuangalia." Nimewahi kuzipa familia habari za msiba, lakini sentensi ile ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kuitamka wodini.

Tangu siku ile naanzia kisogoni. Najua vitabu vinaanza na umbo la fuvu, nywele, kisha uso, na wanafunzi hukariri hivyo kwa ajili ya mtihani. Mimi naanza pale nilipokosea. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5, na ngozi ya kisogo imelalia karibu kabisa na mfupa, nyama na mafuta ya kuikinga ni kidogo mno. Kwa watoto wachanga na wadogo hali ni mbaya zaidi, maana kichwa chao ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na kisogo ndicho mahali panapoongoza kwa vidonda vya mgandamizo kwao. Nikishamaliza kisogo napitisha kidole nyuma ya masikio, pale mrija wa oksijeni unapokaa. Mrija ule ni laini ukiushika mkononi. Ukae nyuma ya sikio siku tatu bila kusogezwa, unakata kama uzi.

Kabla ya kugusa naomba. "Baba, naomba nikushike kichwa, nataka kuangalia ngozi na mifupa." Kichwani pana usiri wake; mtu atakupa mkono umtoboe sindano bila neno, lakini ukimtia vidole kwenye nywele ghafla anashtuka. Halafu natumia nyama ya ncha za vidole, si kucha, nazungusha taratibu kutoka paji la uso kwenda utosini, kutoka utosini kwenda panjani, mpaka nyuma. Vidole vinatafuta uvimbe, bonde, sehemu inayouma, magamba, chawa, mba uliozidi, mapunye. Na makovu. Makovu yana faida ambayo sikuijua. Mgonjwa mmoja nilimuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji, akasema hajawahi kabisa. Dakika tano baadaye kidole changu kikaingia kwenye kijishimo cha mviringo juu ya sikio la kushoto. "Na hiki, kaka?" "Ah, hicho! Walitoboa kutoa damu nilipoanguka. Nilidhani unauliza tumbo."

Aliyeumia kichwa ana sheria zake, na ya kwanza ni kutuliza mikono. Shingo ina pingili 7, na mpaka ithibitike kwamba zote ni nzima, hunyanyui kichwa, hukigeuzi, huondoi kola ya kushikilia shingo kwa udadisi. Unatumia macho. Weusi unaozunguka macho yote mawili bila jicho lenyewe kupigwa, au michubuko kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, inaashiria kwamba sakafu ya fuvu imepasuka. Alama hiyo ya nyuma ya sikio inaitwa kwa jina la William Henry Battle, daktari mpasuaji wa Uingereza. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haionekani mgonjwa anapofika. Inajitokeza saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake, wakati daktari aliyempokea ameshaondoka na aliyebaki kitandani ni muuguzi wa usiku. Ndiyo maana nyuma ya sikio hapaangaliwi mara moja tu. Na ukiona maji maji mepesi yanatoka puani au sikioni baada ya ajali, usizibe, usimwambie apenge, wala usipitishe mrija wowote puani. Weka shashi kavu ipokee tu, kisha uite.

Kwa watoto, utosi unasema mengi kuliko kipimo chochote ninachobeba mfukoni. Mtoto akae wima, awe ametulia, kwa sababu akilia utosi unatuna na akilala chali unaweza kukudanganya. Ukibonyea pamoja na macho yaliyozama na nepi iliyokauka tangu alfajiri, ana upungufu wa maji. Ukituna na kukaza ilhali mtoto ametulia, kuna shinikizo ndani, na hapo hatungoji asubuhi. Uwazi wa mbele kwa kawaida hujifunga kati ya miezi 12 na 18, ingawa wengine huwahi na wengine huchelewa. Ule mdogo wa nyuma huwa umeshafunga mtoto akifika miezi 2 hivi. Mama wengi wanaogopa kuugusa. Mmoja alinishika mkono: "Sista, hapo si ndipo ubongo ulipo?" Nikachukua kidole chake nikakiweka pale taratibu, akahisi mapigo. Alitabasamu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa hapaoshi tangu kuzaliwa kwa mtoto. Na kweli magamba yalikuwepo.

Uso nauchunguza nikiwa napiga naye soga, maana mtu akijua anatazamwa anajikaza. Baadaye namwomba anyanyue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno, ajaze mashavu pumzi. Ikiwa upande mmoja wa mdomo umeshuka, jicho langu linakwenda kwenye paji la uso. Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi kikishika upande mmoja wa ubongo mara nyingi paji bado linakunjika. Mshipa wa fahamu wa uso wenyewe ukiharibika, ule wa 7 kati ya ile itokayo kwenye ubongo, nusu nzima inalala: paji halikunjiki, jicho halifungi, mdomo umeshuka. Ni maarifa matamu ya kumweleza mwanafunzi. Lakini uso ukipinda ghafla mbele yangu sikai kufanya falsafa ya mapaji. Naangalia saa, naandika muda, naita. Na hapewi maji ya kunywa wala kidonge mpaka kumeza kwake kupimwe.

Sasa mboni za macho. Hapa nina ugomvi wa muda mrefu na taaluma yangu mwenyewe. Kuna kifupisho cha herufi sita, PERRLA, kila muuguzi anakijua, kinachosema kwamba mboni ziko sawa, ni za mviringo, zinaitikia mwanga na zinajirekebisha kwa kuangalia mbali na karibu. Herufi ile ya mwisho inataka umwambie mgonjwa aangalie ukuta wa mbali, halafu aangalie kidole chako kinachosogea kuelekea puani kwake, uone mboni zikisinyaa na macho yakikutana. Niambie ni lini mara ya mwisho uliona mtu anafanya hivyo saa 9 usiku. Lakini herufi zote sita zinaandikwa, zamu baada ya zamu. Kila wodi ina kisa chake cha jicho la bandia lililoandikiwa wiki nzima kwamba linaitikia mwanga. Sisi pia tulikuwa nacho, na sikuwa mimi safari hii, namshukuru Mungu.

Namna yenyewe haina ugumu. Punguza mwanga wa chumba. Leta tochi kutoka pembeni, usiiwashe tayari imemtazama usoni. Angalia jicho unalolimulika, kisha rudia ukitazama lile usilolimulika, kwa sababu linatakiwa lisinyae pamoja na mwenzake. Andika ukubwa kwa milimita, usiandike "ndogo" au "kubwa", maana ndogo yangu na ndogo yako haziwezi kulinganishwa saa 6 baadaye. Karibu mtu 1 katika 5 ana mboni zisizolingana kidogo kwa maumbile yake, tofauti isiyozidi milimita 1, na ni mzima kabisa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa ndicho chenye thamani. Kipimo cha fahamu walichokitoa Graham Teasdale na Bryan Jennett kule Glasgow mwaka 1974, kile cha alama 3 hadi 15, kinaangalia macho kufumbuka, maneno na mwendo wa viungo. Mboni hazimo kwenye hesabu yake, kwa hiyo lazima uziangalie kando. Mgonjwa aliyeumia kichwa ambaye mboni yake moja inaanza kutanuka na kugoma kusinyaa, ubongo wake unasukumwa na unaukandamiza mshipa wa fahamu wa 3. Kama jana mtu aliandika "kawaida" bila kupima, leo hujui kama imetanuka au ndivyo alivyo.

Weupe wa jicho nautazamia dirishani. Taa za wodi zetu zina unjano wake, na mara mbili nimeona macho yakiandikwa ya njano usiku yakawa meupe asubuhi. Ndani ya kope la chini natafuta wekundu. Pakiwa peupe kama karatasi, damu imepungua.

Masikio kwa haraka: mtu mzima vuta sikio juu na nyuma, mtoto wa chini ya miaka 3 vuta chini na nyuma, ndipo tundu linyooke na uone kiwambo. Ukibonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu akaruka kwa maumivu, tatizo liko kwenye mfereji wa nje. Akiumia ukibonyeza mfupa wa nyuma ya sikio, na sikio limesukumwa mbele, hilo ni la kumwita daktari sasa hivi. Pua sina mengi nayo. Angalia kama tundu zote mbili zinapitisha hewa, angalia vidonda vya mrija, na mkumbuke mtoto anayetoa kamasi zinazonuka upande mmoja tu: huyo ameingiza kitu.

Mdomo ndio unaorukwa kuliko vyote, hata na sisi tunaoosha midomo ya wagonjwa kila siku. Tunaogopa harufu, tuseme ukweli. Vaa glovu, chukua tochi, kijiti cha kubonyezea ulimi na kipande cha shashi, na kama ana meno ya bandia yaombe yatoke. Nilishawahi kukuta kidonda cha wiki nyingi chini ya meno ya bandia ya bibi mmoja aliyekuwa akilalamika tu kwamba chakula cha hospitali ni kigumu. Midomo, ndani ya mashavu, fizi, kaakaa, kisha ulimi. Na ulimi hautoshi kutolewa nje tu. Ushike ncha kwa shashi, uvute taratibu kulia na kushoto, uone kingo zake, halafu mwambie augusishe kaakaa ili uone chini. Saratani ya mdomo hupenda kingo za ulimi na sakafu ya mdomo, huko ambako mtu hawezi kujiona kwenye kioo. Utando mweupe unaofutika kwa shashi na kuacha wekundu huwa ni fangasi. Usiofutika, au kidonda kinachomaliza wiki 3 hakijapona, hakitibiwi kwa kusubiri. Mtoto mwenye homa, macho mekundu na kikohozi, mwangalie ndani ya mashavu karibu na magego: vijidoa vyeupe kama chembe za chumvi juu ya wekundu ni surua, navyo hutangulia vipele. Henry Koplik alivieleza mwaka 1896, na bado ni nafasi ya kumtenga mtoto kabla hajaiambukiza wodi nzima.

Mwambie aseme "aaa". Kimio kinapanda katikati. Kikivutwa upande, upande ule mwingine ndio dhaifu. Ulimi ni kinyume chake, ukitolewa nje huinamia upande ulio dhaifu. Nilichanganya hivi viwili kwa miaka, mpaka mkufunzi mmoja akaniambia niufikirie ulimi kama mkokoteni unaosukumwa na watu wawili: mmoja akichoka, mkokoteni unapinda kuelekea kwake.

Shingo nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo niipendayo, na ndiyo iliyonifundisha adabu mara ya pili.

Tezi za limfu zina njia yake na mimi naifuata kama mtu anayekwenda nyumbani gizani: mbele ya sikio, nyuma ya sikio, kwenye shina la kisogo, pembe ya taya, chini ya taya, chini ya kidevu, kisha nashuka na ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kwenda kifuani, mbele yake na nyuma yake, hadi juu ya mtulinga. Mgonjwa ainamishe kichwa kidogo kuelekea upande ninaoshika, misuli ilegee. Vidole viwe vyepesi. Ukibonyeza kwa nguvu unaisukuma tezi ndani ya nyama na kusema haipo. Ikipatikana, isemee: ukubwa wake, ni laini au ngumu, inateleza chini ya kidole au imegandia, inauma au haiumi, imeanza lini. Iliyovimba kwa sababu ya koo au jino huwa inauma na inatembea. Ninayoiogopa ni ngumu, haiumi, na haisogei.

Mama mmoja alilazwa kwa ajili ya upungufu wa damu. Kiungulia cha miezi, nguo zimekuwa kubwa, hamu ya kula hakuna. Nilikuwa naandika haya huku naipapasa shingo yake, mawazo yangu nusu yako kwenye chupa ya damu iliyokuwa inasubiriwa. Nilifika juu ya mtulinga nikataka kuishia hapo, maana pale pana bonde na mifupa, watu wengi wanaparuka. Nikakumbuka foronya. Nikamwambia, "Mama, sogeza mabega mbele kidogo, uvute pumzi." Upande wa kushoto, kitu kikaja juu na pumzi kikagusa ncha ya kidole changu, kigumu kama kokoto ndogo. Akashusha pumzi, kikazama. Nikamwomba avute tena. Kikarudi.

Mrija mkuu wa limfu, unaokusanya kutoka miguuni, tumboni na upande wote wa kushoto, humwaga pale pale kwenye mishipa ya damu chini ya shingo upande wa kushoto. Kwa hiyo ugonjwa wa tumboni unaweza kubisha hodi shingoni. Rudolf Virchow alikwisha kuiandikia tezi hiyo mwaka 1848 akiihusisha na saratani za tumboni. Mimi niliifahamu kama swali la mtihani. Niliandika: "Juu ya mtulinga wa kushoto, tezi moja, kama sentimita 1.5, ngumu, haiumi, haitelezi chini ya kidole", nikampigia daktari, akaja akashika pale pale. Yaliyofuata ni ya mama yule, sitayasimulia.

Bomba la hewa naligusa kwa kidole kimoja kwenye kishimo cha juu ya kidari, nione kama liko katikati. Tezi ya shingo, ile moja ya mbele ya koo (thairoidi), natazama kwanza: namwomba anyanyue kidevu kidogo, apige funda la maji. Rovu hupanda na kushuka na funda hilo. Uvimbe wa kitu kingine mara nyingi haupandi. Kisha nasimama nyuma yake nipapase, na hapa ndipo niliposema adabu.

Kuna dada aliyekuja kwa maumivu ya koo na sauti iliyokauka. Nilikuwa nimeshamwambia nitamshika shingo, akakubali, lakini mikono yangu ilipotokea nyuma na kumgusa, alijikunja kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nikarudi mbele. Nikavuta kiti nikakaa, macho yetu yawe sawa. Shingoni hakukuwa na alama yoyote. Nilipomshusha kope nikaona vijidoa vyekundu vidogo mno, kama vilivyochorwa kwa ncha ya sindano. Nikafunga pazia, nikamwuliza kwa maneno ya wazi: "Dada, kuna mtu amekukaba shingo?" Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Juzi."

Aliyekabwa anaweza asiwe na mchubuko hata mmoja. Anaweza kuja na sauti tu iliyobadilika, shida ya kumeza, vijidoa machoni, kichwa kinachouma, au kujikojolea bila kukumbuka. Na hatari haijaisha kwa kuwa juzi imepita. Koo linaweza kuvimba baadaye, na mshipa mkubwa wa shingo ukichanika kwa ndani unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baada ya tukio. Aliangaliwa kama majeruhi siku hiyo, na akapata mtu wa kuzungumza naye juu ya kulala mahali salama. Mimi tangu hapo napapasa tezi ya shingo kutoka mbele, isipokuwa mgonjwa mwenyewe aniambie nyuma ni sawa. Kuna walimu watakaonikosoa. Na wakosoe.

Mishipa ya pembeni mwa shingo, ile inayopeleka damu kichwani, hupimwa mmoja mmoja. Kamwe si yote miwili kwa pamoja, na si juu karibu na taya, kwa sababu pale pana kitambuzi cha shinikizo la damu ambacho ukikibonyeza moyo unaweza kupunguza mwendo na mtu akazimia mikononi mwako. Kwa mzee nasikiliza kwa stetoskopu kabla ya kugusa, namwomba abane pumzi. Mvumo kama wa upepo dirishani unaweza kuonyesha pamebana. Shingo ngumu ya homa ya uti wa mgongo naipima kwa kumwomba aguse kifua kwa kidevu, ila nikishajua hajaumia. Shingo laini haimsafishi mtu, hasa mtoto mchanga, ambaye anaweza kuwa na ugonjwa huo na shingo yake ikakunjika vizuri tu.

Siku hizi napewa wanafunzi. Nawaacha wanipapase mimi kwanza, mmoja mmoja, maana wanahitaji kujua shingo nzima inavyohisi, na mimi nahitaji kukumbuka mkono baridi unavyokera. Nawaambia habari ya mzee wa kisogo bila kuficha mwandiko ulikuwa wa nani.

Mwezi uliopita mmoja wao, kijana mkimya anayeandika polepole mpaka wenzake wanamcheka, alimpokea mgonjwa wa ajali akiwa na kola shingoni. Nilipopita kusaini nilikuta kijinafasi kile cha vidole vinne kimejaa, maneno yamemwagikia pembeni mwa karatasi: "Uso: mchubuko paji la kulia, sm 3. Mboni: mm 3 na mm 3, zote zinaitikia mwanga, za mbali na karibu sijapima. Nyuma ya masikio: hakuna weusi saa 1 usiku, paangaliwe tena. Kisogo: sijakiona, ana kola. Nimemwambia wa zamu ya usiku."

Nikasaini. Saa 4 usiku, wakati wa kumgeuza kwa pamoja, watu wanne, mmoja ameshika kichwa, muuguzi wa zamu alipitisha kidole kwenye kisogo cha mgonjwa. Palikuwa na kipande cha kioo kwenye nywele.